Jiko la nyama choma hufa kwa majivu, tanuri la moshi hufa kwa jasho

Mtu akienda kununua jiko la nyama choma hutazama rangi, kifuniko na magurudumu. Hivyo ndivyo vitu vya mwisho kuharibika. Kinachotakiwa kutazamwa kwanza ni sakafu, pale mkaa unapolala, halafu pembe ambapo sakafu inakutana na kuta, halafu wavu. Sakafu ikishatoboka jiko limekwisha, hata kama kifuniko bado kinang'aa. Tanuri la moshi, lile la kuivisha nyama taratibu kwa saa nyingi au kubanika samaki, lina maradhi mengine kabisa. Lenyewe haliungui, linaoza. Wanaolipima kwa vipimo vya jiko la kuchoma huishia kulipia chuma kinene mahali kisipohitajika, huku wakiacha mianya pale panapoliua.

Tuanze na unene, maana ndiko fedha nyingi inakopotelea.

Kwa mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, unene wa shiti hutajwa kwa geji. Namba ikipanda, shiti inakuwa nyembamba: geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 16 ni 1.6, geji 14 ni 2. Zaidi ya hapo watu huacha geji wakasema pleti ya 3, ya 4, ya 6. Shiti iliyoandikwa 2 inaweza kuwa pungufu, na kwa jicho huwezi kujua, hasa ikishakunjwa na kupakwa rangi. Mwenye kalipa, kifaa cha kupimia unene, apime ukingoni. Asiye nayo atumie mizani, kwa sababu chuma cha mita moja ya mraba chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 popote kilipotoka.

Chukua jiko la kawaida la baa: urefu sentimita 100, upana 45, kina 25. Sakafu ina eneo la mita za mraba 0.45, kuta zote nne 0.725. Likitengenezwa lote kwa geji 18, boksi lenyewe bila miguu wala wavu litakuwa na kilo 11 hivi. Likiwa na sakafu ya milimita 3 na kuta za milimita 2, litafika kilo 22. Fundi akikuambia ametumia "chuma kizito" na boksi linanyanyuka kwa mkono mmoja, hesabu imeshajibu.

Kwa nini sakafu iwe nene kuliko kuta? Chuma cha kawaida kikipita nyuzi joto 550 hivi huanza kutoa magamba meusi kwa kasi. Kaa jekundu linalopata upepo hupita nyuzi 800 bila shida. Magamba hayo ni chuma kilichokwisha kuwa oksidi. Jiko likipoa yanabanduka, na moto unaofuata unakula tabaka jipya. Kuta hazigusani na kaa muda wote, kwa hiyo milimita 2 zinazitosha. Kuzifanya za 4 ni kubeba uzito bure.

Lakini kuna kitu kinacholinda sakafu kuliko kuongeza milimita, nacho ni wavu wa mkaa, ule wa chini, uliobebwa sentimita 4 au 5 juu ya sakafu. Kaa halilali tena juu ya bati, hewa inapita chini yake, na majivu yanadondoka badala ya kulifukia kaa na kulizimisha. Mtu akinipa nichague kati ya sakafu ya milimita 4 isiyo na wavu wa mkaa na sakafu ya 2 yenye wavu wa nondo za milimita 10, nachukua ya pili bila kusita. Wavu ukiungua unabadilishwa kwa nusu saa. Sakafu ikiungua unanunua jiko jingine.

Lipo pia suala la pembe. Boksi lililoungwa kwa vipande vitano vya shiti lina mishono minne chini kabisa, pale pale majivu yanapojikusanya. Mshono wa kuchomelea ni mahali pagumu: una vishimo, una takataka ya fimbo ya kuchomelea iliyobaki, na pengine fundi amechomelea nukta nukta tu, kisha akafunika kwa rangi. Ndani ya mwanya huo majivu na mafuta hujibana, na hakuna brashi inayofika. Dawa yake ni kukunja. Mashine ya kukunjia inaweza kutoa sakafu na kuta mbili ndefu kutoka shiti moja, ukabaki na mishono miwili tu ya pembeni. Mkunjo wenye kona ya duara kidogo unafagilika vizuri kuliko kona kali. Hili halionekani dukani mpaka uinamishe jiko na kutia mkono ndani. Inamisha.

Pipa

Pipa la lita 200 lililopasuliwa katikati ndilo jiko linaloonekana kila mahali kwetu, na halistahili dharau. Lina kipenyo cha sentimita 57 hivi na urefu wa 88, bati lake ni la milimita 1 hadi 1.2, na likiwa zima lina uzito wa kilo 17 hadi 20. Umbo la duara linalipa nguvu ambayo bati bapa la unene huo haliwezi kuwa nayo, ndiyo maana halibonyei upesi. Udhaifu wake ni mstari wa chini kabisa, pale majivu, mafuta na maji ya mvua yote yanapokutana. Hapo ndipo linapotoboka, karibu siku zote kwa mstari mrefu na si kwa tundu moja.

Kuna njia rahisi ya kulirefushia maisha: kata kipande cha shiti ya milimita 3, upana sentimita 25, kikunjwe kufuata mviringo, kilale chini bila kuchomelewa. Kiwe cha kutolewa. Ukikichomelea, maji yataingia kati ya bati mbili na hutayaona tena. Wapo wanaomwaga mchanga chini ya mkaa. Mchanga mkavu unakinga joto vizuri sana, ila ukilowa mara moja na kuachwa unakaa na maji kwa siku nyingi juu ya bati jembamba. Jiko lisilo na paa lisiwekwe mchanga.

Pipa lina hatari mbili zinazopaswa kusemwa wazi. Ya kwanza ni kilichokuwamo. La dawa za kuulia wadudu au kemikali za kiwandani halifai kupikia hata liunguzwe namna gani. La mafuta ya kula au ya injini linafaa, lakini mengi yana rangi ya kinga ndani, na rangi hiyo lazima iunguzwe kwa moto mkali wa kuni, nje, mpaka bati libaki kijivu tupu, kabla nyama haijakaribia. Ya pili ni ukataji. Pipa lililofungwa linaweza kuwa na mvuke wa mafuta, na cheche ya grenda inatosha kulilipua. Fungua vizibo vyote viwili, osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha lijaze maji mpaka karibu na mstari wa kukata. Patasi na nyundo ni salama kuliko grenda. Mitungi ya gesi ya kupikia usiikate kabisa.

Wavu unaopinda

Malalamiko ya kawaida ni kwamba wavu umepinda katikati baada ya wiki chache, na lawama zinaangukia nondo nyembamba. Mara nyingi nondo hazina kosa. Chuma kikipata moto hutanuka. Nondo ya mita moja ikipanda nyuzi 500 inarefuka milimita 6. Kama ncha zake zote mbili zimechomelewa kwenye fremu ambayo haijapata joto kama hilo, haina pa kwenda ila juu au chini. Siku nyingine inapasua mshono badala ya kupinda.

Kwa hiyo chomelea ncha moja, na ya pili iingie kwenye tundu au ikae juu ya engo, chuma cha umbo la L, ikiwa huru. Fremu nzima nayo iwe fupi kuliko jiko kwa milimita 6 hadi 8. Nondo za milimita 8 au 10, zenye nafasi ya milimita 12 hadi 15 kati yake, zinabeba mbavu za mbuzi bila tabu. Tumia nondo laini. Zile za mbavumbavu za ujenzi zinashika mafuta na ngozi ya kuku katika kila mkunjo, na kinachobaki hapo kinavuta unyevu usiku. Kutoka kaa mpaka nyama iwe sentimita 12 hadi 15. Ikiwa karibu zaidi, mafuta yanayodondoka yanawaka na kulipiga wavu kwa ndimi za moto ambazo haukutengenezwa kuzihimili.

Waya wenye zinki, ule wa kung'aa wa mabanda ya kuku, usitumike kama wavu. Zinki inayeyuka kwa nyuzi 419, na kaa liko juu ya hapo kwa mbali. Fundi anayechomelea bati lenye zinki naye anapumua mafusho yanayoleta homa na kifua kubana, kwa hiyo zinki isagwe kwanza sentimita kadhaa kila upande wa mshono.

Stenlesi, enameli na udongo

Stenlesi imekuwa neno la kuuzia. Ziko aina nyingi, na tofauti yake ni kubwa. Ile ya 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi. Ile ya 430 ina kromiamu ya kutosha lakini haina nikeli, hivyo ni rahisi na inashika kutu mapema, hasa kwenye hewa ya bahari. Ile ya 316 imeongezwa molibdeni, na ndiyo inayostahimili chumvi kuliko hizo. Watu hupima kwa sumaku: ya 430 inanasa, ya 304 hainasi au inanasa kidogo sana pale ilipokunjwa. Kipimo hicho kinasaidia lakini hakitoshi, kwa sababu ipo ya 201, ambayo sehemu ya nikeli imebadilishwa kwa manganizi. Hiyo nayo hainasi sumaku, na bado ni dhaifu kuliko ya 304. Muulize muuzaji namba, iandikwe kwenye risiti.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba stenlesi ya 304 hutanuka kuliko chuma cha kawaida, karibu milimita 8.5 kwa mita kwa joto lile lile la nyuzi 500, na haipitishi joto vizuri. Shiti nyembamba ya stenlesi chini ya mkaa inapata joto kali sehemu moja na kujikunja kama karatasi. Jiko la stenlesi la milimita 1 linapendeza dukani na linatetereka baada ya msimu mmoja. Uzuri wa stenlesi uko kwenye wavu, kwenye trei ya majivu na kwenye bolti. Ukiwa na fedha ya kutosha kitu kimoja tu, nunua wavu wa 304 wa nondo za milimita 8 na boksi liwe chuma cha kawaida.

Jiko la duara lenye kifuniko, lile ambalo George Stephen wa Weber Brothers Metal Works, karibu na Chicago, alilibuni mwaka 1952, limedumu kwa sababu ya enameli: kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 na zaidi. Kioo hakishiki kutu. Kinabanduka, hata hivyo, ukikigonga kwa koleo au ukikimwagia maji baridi kikiwa cha moto, na kutu ikipata upenyo inatembea chini ya kioo bila kuonekana. Angalia matundu ya bolti na ukingo wa kifuniko, ndiko enameli huwa nyembamba. Zipo nakala za bei nafuu zilizopakwa rangi nyeusi tu zikafanana na hizo. Pitisha ukucha kwenye ukingo: rangi ina ulaini, enameli ni ngumu na baridi kama sahani.

Majiko ya udongo mnene ya umbo la yai, yanayotokana na kamado za Japani, hayana kutu ya kuogopa kwenye ganda. Yanakufa kwa kuanguka, kwa kulowa kisha kuwashwa moto mkali ghafla, na kwa bawaba za chuma zilizofungwa juu ya kifuniko kizito kupita uwezo wake. Ya gesi yanaharibika kwa mpangilio unaotabirika: vibao vya kukinga moto juu ya bomba kwanza, kisha bomba zenyewe, kisha kiwashio. Kama duka halina vipuri hivyo vitatu, liache.

Tanuri la moshi

Hapa joto ni dogo. Nyama inaiva kwa nyuzi 110 hadi 130 kwa saa nyingi, na kwa joto hilo chuma hakitoi magamba. Adui ni moshi wenyewe. Kuni zikiungua hutoa mvuke wa maji, asidi kama ile ya siki, na lami. Nyama nayo inatoa maji. Ukuta wa tanuri ukiwa mwembamba na nje kuna upepo au mvua, unapoa kuliko moshi uliomo ndani, basi moshi unageuka jasho linalotiririka mpaka kwenye mshono wa chini. Jasho hilo ni kali. Linakula chuma kutoka ndani, na likidondokea nyama linaacha uchungu usiotoka.

Kwa hiyo unene kwenye tanuri la moshi unanunuliwa ili kutunza joto, si kwa kuogopa kuungua. Mafundi wa Texas wanaounda matanuri yenye boksi la moto pembeni hupenda pleti ya inchi robo, kama milimita 6. Tangi la kuwekea nyama la kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa 120 kwa pleti hiyo ni kilo 107 hivi, na boksi la moto la sentimita 50 kila upande linaongeza 70. Uzito huo hauhamishiki bila magurudumu ya chuma na watu wanne. Kwa hali ya hewa ya Pwani, ambako usiku haupoi sana, milimita 3 kwa tangi zinatosha kabisa, na 6 ziwekwe kwenye boksi la moto tu. Nyanda za juu, Limuru au Njombe, ongeza tangi lifike 4 au lizungushie ukuta wa pili.

Mlango ndio unaoamua. Ukifunga mlango usiku, weka tochi ya simu ndani na uzunguke nje: mwanga ukitoka kwa mstari mpana kuliko unene wa kadi ya benki, moshi na joto vitatoka pale pale na hutaweza kudhibiti hewa. Mlango hupinda pale fundi anapoukata kutoka tangi kabla ya kuchomelea flati baa (vipande bapa vya chuma) za ukingo, kwa sababu tangi likikatwa linafunguka. Utaratibu sahihi ni kukata pande mbili, kufunga bawaba, kuchomelea flati baa, ndipo kumalizia pande zilizobaki. Bawaba zisiwe za mlango wa nyumba. Vipande vya bomba na fimbo ya milimita 12 vinadumu. Chini ya tangi liwepo tundu la inchi moja lenye mteremko kuelekea kwake, ili jasho na mafuta vitoke.

Kwa samaki hali ni mbaya zaidi, kwa sababu wengi hulowekwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kubanikwa, na matone ya chumvi juu ya bati la moto hayana huruma. Ndiyo maana tanuri la Chorkor, lililotoka Ghana mwaka 1969 na kuenea Afrika, lina kuta za udongo au matofali na trei za fremu za mbao zenye wavu. Chuma kimeondolewa karibu chote. Ukuta ukipasuka unasiribwa udongo jioni na kesho kazi inaendelea. Kwa anayebanika kila siku ufukweni au ziwani, sioni sababu ya kununua tanuri la bati.

Baada ya moto

Kuna tabia moja inayoua majiko mengi kuliko chuma chembamba: kuzima mkaa kwa kumwagia maji ndani ya jiko. Sakafu iliyo nyekundu inasinyaa ghafla, mishono inapata nyufa, kisha yanabaki majivu yaliyolowa. Majivu yana chumvichumvi, hasa za potasiamu, zinazovuta unyevu hata hewani. Yakilowa yanakuwa tope linalokaa juu ya chuma usiku kucha, pamoja na chumvi ya nyama. Zoa kaa kwa beleshi, litie kwenye debe lenye kifuniko, lizimike kwa kukosa hewa. Utalitumia tena kesho. Majivu yatoke asubuhi kabla jua halijapanda.

Ndani usipake rangi. Ile nyekundu ya kuzuia kutu inaungua na harufu yake inaingia kwenye chakula. Jiko jipya liwashwe kwanza kwa kilo moja ya mkaa kwa nusu saa, bila nyama, kisha wavu na kuta za ndani zipakwe mafuta ya alizeti kwa kitambaa, tabaka jembamba mpaka yaonekane kama yamefutwa, moto uendelee saa moja. Rudia mara tatu. Mafuta mengi hugeuka ulimbo unaonata. Nje inafaa rangi ya kustahimili nyuzi 600, ipakwe juu ya chuma kilichosagwa na kufutwa thina. Turubai lisifungwe juu ya jiko lililolowa. Paa lililo wazi pande zote ni bora kuliko turubai lolote.

Miguu ya skwea paipu (bomba la mraba) iliyoachwa wazi juu hujaa maji na kuoza kutoka ndani, na siku ya kuvunjika ni siku jiko lina moto. Izibwe juu na itobolewe tundu dogo chini, au miguu iwe ya engo, ambayo kila upande wake unaonekana.

Ukiagiza kwa fundi, andikianeni: sakafu milimita 3, kuta 2, sakafu na kuta ndefu zikunjwe kutoka shiti moja, mshono kamili na si nukta, wavu wa mkaa sentimita 5 juu ya sakafu na wa kutolewa, wavu wa nyama huru ncha moja, miguu ya engo, ndani bila rangi. Lipa malighafi mwanzo, mkaandamane dukani kuzipima kwa kalipa. Salio la ufundi libaki mpaka boksi lipande mizani na limwagiwe maji ndani kuangalia mishono, kabla rangi ya nje haijapakwa, kwa sababu rangi ikishapakwa hakuna mshono unaoonekana mbaya.